Rangi ya Nyongo

Mlango wa kabati la bafuni ulimwangukia mgeni mguuni, na mambo yote yakaanzia hapo.

Mgeni mwenyewe alikuwa mteja wa mke wa Fundi, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke wa heshima zake aliyekuja kujaribu gauni. Aliomba kunawa mikono asije akachafua kitambaa. Akaingia bafuni, akavuta kishikio cha kabati chini ya sinki akitafuta sabuni, na mlango wote ukamfuata pamoja na bawaba zake. Alitoka akichechemea, ameubeba kwa mikono miwili kama mtu aliyetumwa kuuleta sebuleni.

"Jamani, nimewaharibia."

"Hujaharibu kitu, mwalimu. Ndivyo ulivyo," mke wa Fundi alijibu, na papo hapo akajuta. Bora angemwacha adhani kauvunja yeye.

Mwalimu mkuu akauegemeza mlango ukutani. Magamba ya rangi yalikuwa yamemganda viganjani, meupe, ya bluu na ya kahawia, tabaka tatu za miaka mingi. Akajipangusa polepole.

"Si mume wako ni fundi rangi?"

"Ndiye."

"Ahaa," akasema mwalimu mkuu, wala hakuongeza neno.

Ile "ahaa" ilibaki ndani ya nyumba. Mke wa Fundi aliisikia akishona, akaisikia akipika, na Fundi aliporudi kazini jioni aliikuta imemkalia kitini.

"Miaka ishirini na miwili unapaka hospitali," mkewe alimwambia hata viatu hajavua. "Umepaka wodi, umepaka maabara, umepaka mpaka chumba cha maiti. Maiti wanalala pazuri kuliko mimi ninapoogea."

"Maiti hawalalamiki," alisema Fundi.

"Usinichekeshe. Leo sicheki."

Binti yao, mwalimu wa watoto wa chekechea, alikuwa mezani akisahihisha michoro ya nyumba na kuku. Aliinamisha kichwa kuficha tabasamu.

"Nitapaka," Fundi alisema.

"Lini?"

"Kabla wageni hawajaja."

"Ulisema hivyo huyu hajaanza shule. Leo anafundisha shule."

Wageni waliokuwa wanangojwa ni wakwe. Kijana fundi umeme, mchumba wa binti, angekuja Jumamosi na watu wake kujitambulisha rasmi. Nyumba ilikuwa imeshafuliwa mapazia, viti vimevalishwa vitambaa vipya vya mkono wa mama mwenyewe, na ufa wa ukuta umefunikwa kalenda. Lakini mgeni hula, na mgeni akitaka kula hunawa. Wangeingia bafuni mmoja baada ya mwingine, na mle ndani kulikuwa na makabati mawili ya mbao waliyoyakuta wakati wa kuhamia: moja dogo la ukutani lenye kioo, na lile la chini ya sinki lenye milango miwili, ambalo miguu yake ilikuwa imevimba kwa maji kama ya mgonjwa.

"Mwanangu haolewi kutoka nyumba ya mlango wa kuanguka," mama alisema. "Basi."

*

Fundi hakuwa mvivu. Shida yake ilikuwa kwamba tangu ashike brashi hakuwahi kununua rangi. Fundi rangi haendi dukani kupanga foleni na wateja, rangi humjia. Kazi ikiisha, kinachobaki chini ya kopo ni chake, na hakuna aliyewahi kuuita huo wizi. Uliitwa mabaki. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa na dirisha moja au mlango mmoja wa mabaki.

Kisha akaja katibu mpya wa hospitali, mtu wa kupima. Akaagiza mabaki yote yarudishwe stoo, na makopo yahesabiwe, yawe matupu au yamejaa. Bado rangi ikawa inapungua. Ndipo akafanya jambo ambalo wafanyakazi walilicheka mpaka machozi. Akaagiza kiwandani rangi ya mafuta iliyochanganywa maalumu, kijani kilichokaribia manjano, kisichofanana na jani wala tunda lolote.

"Hii hata mwizi ataionea haya," aliwaambia.

Wafanyakazi wakaiita nyongo. Ilipakwa korido zote za ndani, kimo cha kifua. Na kweli, kwa miezi mitatu halikupotea kopo hata moja, kwa sababu ungeipaka wapi watu wasijue ulikoitoa?

Jumatano alasiri, Fundi alisimama mbele ya stoo ndogo ya korido akiwa na begi lake la vifaa. Mwenye ufunguo alikuwa mama msafishaji, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Funguo. Kiunoni alifunga pete ya chuma yenye funguo thelathini na kitu, na ulimsikia anakuja kabla hujamwona. Alikuwa shangazi wa yule kijana fundi umeme. Ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na ndiye aliyemwona binti wa Fundi mwaka uliopita, alipomletea baba yake chakula, akaenda kumwambia kijana wake, "Nimekuonea mtu."

"Mkwe," Fundi alimwita, "nipe ufunguo mara moja. Nimesahau brashi ndani."

"Mkwe utaniita Jumamosi. Leo bado ni Fundi tu," alisema Mama Funguo akicheka, huku akiuchomoa ufunguo kwenye pete. Hakutakiwa kumpa mtu. Alimpa. "Fanya haraka, bwana stoo asinikute."

Fundi aliingia akiwa na nia ya kuchota kidogo tu, robo ya kopo lililofunguliwa. Hakuna lililokuwa limefunguliwa. Makopo kumi na mawili yalikuwa yamepangana, yamefungwa, safi. Akasimama. Akawaza mlango ulioanguka, ukiegemea ukuta. Akawaza "ahaa". Kisha akalitia kopo moja ndani ya begi, akalifunika kwa ovaroli, akatoka ameshika brashi mkononi ili ionekane.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

Getini, mlinzi aliinua mkono kumsalimia. Wengine wote walifungua mabegi. Fundi hakuwahi kuambiwa afungue, na siku hiyo pia hakuambiwa.

*

Alhamisi alituma habari kazini kwamba tumbo linamsumbua, akakaa nyumbani kupaka.

Alifungua skrubu, akautoa mlango uliosalia, akaikwangua yote miwili. Alikuwa na mpango. Kabatini kwake kulikuwa na nusu kopo ya rangi nyeupe, mabaki ya enzi zile. Akaichanganya na nyongo ndani ya beseni, akatia tone la kahawia, akakoroga, akatazama, akaongeza. Bafu lilikuwa halina dirisha; hata mchana walitumia taa, balbu ya zamani yenye mwanga wa manjano kama chai ya rangi. Chini ya mwanga ule nyongo ililegea, ikafifia, ikawa rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo. Akapumua.

Rangi ilikuwa nzito, na thina hakuwa nayo. Akaizimua kwa mafuta ya taa. Alijua kwamba mafuta ya taa huchelewesha rangi kukauka. Alijua pia kwamba mbao iliyokunywa sabuni kwa miaka inataka kuoshwa, ianikwe siku mbili, ipigwe msasa mpaka ilie, ndipo ipakwe. Alijua vilevile kwamba rangi mbichi ni mwongo, sura yake ya kweli huitoa ikikauka, na kwamba hapimi rangi kwa balbu ila anayetaka kudanganywa. Haya alikuwa akiwafundisha vijana wa kazi kila mwaka. Siku hiyo alipaka tu, akaifunga tena milango mahali pake.

Mkewe aliiacha cherehani, akaja kusimama mlangoni.

"Kumbe unaweza," alisema.

"Uliolewa na nani?"

"Nilikuwa nimesahau." Alimwekea mkono begani, mkono wenye kidude cha kushonea bado kidoleni. Alianza kuimba kidogo kidogo, jambo ambalo hakulifanya tangu mwezi uanze. "Umenunua rangi nzuri. Lazima imekugharimu."

"Kidogo," alisema Fundi, na akaendelea kupitisha brashi pale pale alipokwisha kupitisha.

*

Ijumaa alikuwa juu ya ngazi kwenye korido alipoona watu wanasimama makundi makundi.

"Limepotea kopo," mpishi wa wagonjwa alimwambia akipita na toroli. "Yalikuwa kumi na mawili, yamebaki kumi na moja. Wamemweka Mama Funguo ofisini tangu saa mbili."

"Mama Funguo kwa nini?"

"Si ndiye mwenye ufunguo? Wanamuuliza alimpa nani. Anasema hakumpa mtu."

Fundi aliendelea kupaka. Brashi ilikuwa kavu, alipaka hewa.

Hakumsikia alipokuja, kwa sababu hapakuwa na cha kusikika. Mama Funguo alitoka ofisini akatembea korido nzima bila sauti, kiunoni hana kitu, kanga aliyofungia ile pete ikiwa imelegea upande. Wauguzi waliojua kumkwepa kwa kusikia mlio walishtuka kumwona yuko mbele yao. Bwana stoo alikuwa nyuma yake hatua mbili, kama anayesindikiza mgonjwa wa akili. Alipofika chini ya ngazi alisimama, akainua uso.

Fundi alishuka kipandio kimoja, brashi kavu mkononi.

"Angalia usianguke," Mama Funguo alimwambia, akaenda zake.

Hakumtazama kwa hasira, na hilo lilimchoma Fundi kuliko tusi. Alimtazama kama mtu anayemlinda mwenzake. Alidhani Fundi alichukua brashi. Alikuwa ameulizwa mara nane, akakataa mara nane, ili mkwe asiingizwe kwenye maswali siku moja kabla ya shughuli.

Jumamosi ipite kwanza, Fundi alijiambia. Jumatatu nitajua la kufanya. Alilirudia hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, na kila aliporudia lilizidi kuwa jepesi, mpaka alipofika mlangoni likawa halina uzito wowote.

*

Jumamosi asubuhi mkewe alimletea mshangao. Alikuwa ameuza vipande vya vitambaa, akanunua balbu mpya, ile ya mwanga mweupe.

"Kazi kama ile haifichwi gizani," alisema, akapanda kwenye stuli, akaizungusha mwenyewe.

Ilipowaka, Fundi alirudi nyuma hatua moja. Nyongo ilikuwa imerudi. Ilikaa pale juu ya milango miwili na kabati la kioo, imepauka kidogo kwa ile nyeupe, lakini ni yeye yule, kijani cha korido ya hospitali, cha kimo cha kifua.

"Ee!" mkewe alisema. "Kumbe ni kijani! Mbona hukuniambia? Kizuri hata zaidi."

Yeye hospitali hakuwa ameikanyaga mwaka mzima, namshukuru Mungu, kama alivyopenda kusema.

"Taa hii inaumiza macho," Fundi alisema. "Turudishe ile."

"Acha taa yangu."

Aligusa mlango kwa ncha ya kidole. Ulimng'ang'ania. Siku mbili, na rangi ilikuwa bado inanata kama asali.

Saa sita wageni walifika: kijana fundi umeme, amevaa koti lililomzidi mabega, na baba yake, dereva wa lori aliyestaafu, mzee wa sauti kubwa iliyozoea kushindana na injini. Walikuwa wawili tu.

"Na shangazi?" binti aliuliza kabla mama hajamkonyeza anyamaze.

Dereva aliketi, akaweka kofia gotini. "Wakwe, mtatusamehe. Dada yangu ana aibu ya kukaa mbele za watu. Wamemrudisha nyumbani jana kwa kopo la rangi. Miaka kumi na saba anafagia pale! Mimi nimemwambia twende, anasema, 'Nikae kwa watu kama nani? Kama mwizi aliyealikwa?'"

"Masikini," mke wa Fundi alisema, akashika kifua. Akamgeukia mumewe. "Wewe ulijua?"

"Nilisikia."

"Umesikia tangu jana hujaniambia?"

"Sikutaka kuharibu siku."

Kijana alikwenda kunawa, akarudi anakausha mikono. "Mama, umeweka taa nzuri kule ndani," alisema kwa adabu. "Ile haidanganyi. Inaonyesha rangi kama ilivyo."

"Umesikia?" mama alimwambia mumewe. "Mwenye fani yake kasema."

Chakula kilikuwa kinapakuliwa mlango ulipobishwa, kwa upole, kama anayetaka asisikike. Mama Funguo alisimama nje na gauni lake la sherehe.

"Nimemlea mimi," alisema, macho yako kizingitini. "Nimeona nisipokuja leo, nitakuwa nimekubali."

Mke wa Fundi alimkumbatia palepale. Dereva akapiga kelele ya furaha. Binti akamvua viatu kwa mikono yake. Fundi alisimama akakaa, akasimama tena.

"Nioneni nilivyojaa vumbi," Mama Funguo alisema. "Nianze kunawa."

"Maji yanasumbua leo," Fundi alisema. "Kaa, nitakuletea beseni."

"Maji yanasumbua wapi?" mkewe alicheka. "Kijana si katoka kunawa sasa hivi? Twende, mama. Tena uingie uone kazi ya mume wangu. Watu walishaanza kusema fundi rangi hapaki kwake." Akamshika mgongoni, akamsukuma taratibu mpaka mlangoni mwa bafu, akawasha taa.

Sebuleni walizungumza habari za barabara mbovu. Fundi alisikiliza bafuni. Hakusikia maji. Alihesabu pumzi zake, na bado hakusikia maji. Mle ndani, Mama Funguo alikuwa amesimama mbele ya rangi aliyoifuta kwa kitambaa chenye maji kila alfajiri kwa miezi mitatu. Aliinama, akaweka kiganja chote juu ya mlango wa kabati, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akauacha hapo mpaka akawa na hakika. Alipouondoa, ulitoka na rangi.

Alirudi akiwa amekunja ngumi ya kulia.

"Umeonaje?" mke wa Fundi alimuuliza.

"Nimeona," alisema. "Kazi ni yake kweli."

Akaketi. Sahani ikawekwa mbele yake.

"Mbona huli, mama?"

"Mkono unaniuma kidogo. Kuleni."

Ngumi ilikaa juu ya goti lake wakati wote. Binti alimletea kijiko, akashukuru, hakukitumia. Fundi, aliyekaa mbele yake, aliona mstari wa kijani kwenye ukucha wa kidole gumba, akarudisha tonge sahanini.

Dereva alipomaliza kula alimgeukia. "Mkwe, wewe na yeye mko kazi moja. Unamjua dada yangu. Sema mbele ya hawa watoto: huyu ni mtu wa kuiba rangi?"

Watu wote walimtazama. Alikuwa amepewa mlango, umefunguliwa wazi, na mwanga unaingia. Alichotakiwa ni kupita tu.

"Siyo," Fundi alisema. "Huyu siyo mtu wa kuiba."

"Mmesikia! Basi Jumatatu utakwenda kumwambia huyo katibu wao?"

"Nitakwenda."

"Mkwe wangu huyo!" Dereva akampiga bega.

Mama Funguo alimtazama Fundi kwa mara ya kwanza tangu atoke bafuni. "Akisema atakwenda, atakwenda," alisema, na sauti yake haikuwa ya ubaya wala ya wema.

Mazungumzo ya ndoa yalikwenda vizuri. Siku ilipangwa. Wakati wa kuagana, mke wa Fundi aliwashika wote mikono. Mama Funguo alisita, kisha akafungua ngumi, akampa mkono wake, akaushika wa mwenzake kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ndipo wakaondoka.

Mke wa Fundi alibaki kizingitini anatazama kiganja chake. Akakinusa. Mafuta ya taa. Alirudi ndani, akapita sebule bila kumtazama mtu, akaingia bafuni. Kwenye mlango wa kushoto wa kabati, katikati kabisa, palikuwa na alama ya mkono, vidole vitano vimetandazwa.

"Rangi umeitoa wapi?" aliuliza kutoka mle ndani, kwa sauti ya chini.

Fundi alimfuata mpaka mlangoni mwa bafu.

"Nimekuuliza, baba wa mtoto wangu. Rangi umeitoa wapi?"

Alimwambia. Hakuficha hata ufunguo. Aliongea amesimama mbele ya sinki, chini ya ile taa mpya, na hakukuwa na pembe ya kujificha. Mkewe alikaa kwenye ukingo wa karo la kuogea.

"Mimi ndiye niliyemsukuma," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Nikamwashia na taa aone vizuri."

"Hukujua."

"Ndiyo, sikujua. Yeye atajua kwamba sikujua?" Alijifuta kiganja kwenye gauni lake jipya bila kukumbuka ni jipya. "Mlango uliokuwa unaanguka nilikuwa nauonea aibu. Mlango wa kuanguka!"

Binti alikuwa koridoni, amesikia yote. Hakumlaumu baba yake, wala hakulia.

"Baba," alisema, "utawaambia wewe, au niende mimi kumwambia mwenzangu asinioe?"

*

Jumapili Fundi alifungua skrubu nne kwa bisibisi, akaitoa milango. Jumatatu asubuhi aliipeleka hospitali kwa miguu, mmoja kwapa hili, mmoja kwapa lile.

"Fundi, unahama nyumba kwa awamu?" muuza magazeti alimtania.

"Mke kakufukuza, kakupa na mlango wako!" kinyozi akadakia.

Wiki nyingine angewajibu, na wangecheka wote. Alipita. Alipokaribia hospitali, watu waliomjua walianza kuitazama ile milango, kisha kumtazama yeye, kisha kutazama pengine, na hakuna aliyetania tena.

Getini aliiweka chini. "Nikague," alimwambia mlinzi.

"Nikukague unaingia? Tunakagua wanaotoka."

"Jumatano nilitoka hukunikagua."

Mlinzi aliiangalia rangi kwa muda. Alikuwa ameiona kila siku. "Pita, Fundi," alisema, na hakuinua mkono kumsalimia.

Katibu alikuwa anakunywa chai. Fundi aliegemeza milango kwenye meza yake, ule wenye alama ya mkono mbele.

"Hii ni rangi yetu," katibu alisema.

"Ni yenu. Nimeichanganya na nyeupe, ikakataa."

"Na mkono huu ni wa nani?"

"Wa mama mliyemtoa Ijumaa. Nilimwomba ufunguo, nikamwambia nafuata brashi. Akanificha akidhani nafuata brashi. Jumamosi alikuja kwangu akaiona."

"Na bado hakuja kusema?"

"Hakuja."

Katibu aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa kupima, na alionekana anapima. "Ungenyamaza, ningemwandikia barua yake leo, mambo yakaisha."

"Ndiyo maana nimekuja asubuhi."

"Utanipa sababu gani? Una njaa? Una mgonjwa?"

Fundi alifikiri. Angefurahi kuwa na mgonjwa. "Nilitaka wageni wanawe mahali pazuri," alisema.

Barua iliandikwa siku hiyo hiyo, lakini jina lilikuwa lake. Alirudisha ovaroli, ngazi na brashi, akatia sahihi mara tatu. Milango ilibaki kule kama ushahidi.

*

Jumamosi iliyofuata, binti alikuwa wa kwanza kusikia. Aliinua kichwa kutoka kwenye michoro yake. Nje, kutoka mbali, ulikuwa unakuja mlio wa chuma, cha, cha, cha, kwa hatua za mtu asiye na haraka.

Mama Funguo aliingia na sare ya kazi, pete iko kiunoni. Alisalimia wanawake. Fundi alikuwa pembeni ananyoosha misumari iliyopinda. Hakusimama, hakujua kama ana ruhusa.

"Nimemfuata mwanangu huyu," Mama Funguo alisema akimwonyesha binti. "Siku iliyopangwa iko palepale. Sikumfuata mtu mwingine."

"Karibu, mama," mke wa Fundi alisema, na macho yakamjaa.

"Niende kunawa."

Safari hii hakuna aliyemsukuma wala kumzuia. Kabati la chini ya sinki lilikuwa wazi. Kila kitu kilionekana: sabuni iliyokatika, dawa ya meno iliyokamuliwa mpaka shingoni, pamba, dawa ya miguu ya Fundi, ndoo yenye ufa. Mwanzoni binti alishauri washone pazia dogo, na mama yake, ambaye ndiye mwenye cherehani na vitambaa, alikataa. "Acha vionekane," alisema.

Maji yalisikika yakifunguliwa, yakatiririka kwa muda mrefu, yakafungwa. Mama Funguo alitoka akichuruzika mikono. Akaenda moja kwa moja hadi pale Fundi alipokaa, akamnyooshea mkono wa kulia, kidole gumba mbele. Chini ya ukucha palikuwa na mstari wa kijani.

"Wiki nzima nasugua," alisema. "Haitoki."

"Inatoka kwa mafuta ya taa," Fundi alisema.

"Basi lete."

Alileta chupa na kipande cha kitambaa. Alipiga goti kwenye sakafu, akalowanisha ncha ya kitambaa, akaanza kufuta polepole, kuanzia kwenye kona ya ukucha, kama alivyofundishwa zamani kusafisha kioo cha dirisha. Mama Funguo hakumtazama. Alitazama ukuta wenye kalenda. Alimwachia mkono mmoja tu. Ule mwingine ulikuwa umeshika funguo.